Kinga ya mizigo: meno ngapi mbele, meno ngapi nyuma?

Kinga nyeusi ya chuma, yenye pine za 28, inabeba karibu kila kitu mu Bonde la Ruzizi: makala, mihogo, mchele, ndizi, bidoni za mawese, na abiria juu yake. Lakini meno ya kinga hiyo yalihesabiwa juu ya mutu mumoja asiye na muzigo, ku barabara nzuri. Mubebaji wa kilo 100 anaendesha na hesabu ya mutu mwingine. Magoti yake, shene yake na masaa yake njo vinalipa tofauti hiyo. Makala hii inaeleza meno ya kinga yanafanya kazi gani, na ginsi ya kuchagua yale yanayofaa muzigo na njia ya kila mumoja.

Barabara moja, sura mbili

Barabara ya Uvira kwenda Bukavu ni mfano mzuri, juu iko na sura mbili. Kutoka Uvira hadi Kamanyola, kupitia Sange, Luberizi na Luvungi, njia inafuata bonde. Kuna vilima vidogo, kuna mashimo, kuna mchanga na matope wakati wa mvua, lakini kwa jumla ni tambarare. Ukishapita Kamanyola, mambo yanageuka. Yule asiyepitia upande wa Rwanda anakutana na mulima wa Ngomo, na kona zake, na mabonde yake ya kutisha pembeni.

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Ziwa Kivu liko karibu mita 1.460. Basi kati ya Uvira na Bukavu kuna tofauti ya karibu mita 700, na sehemu kubwa ya kupanda inakusanyika baada ya Kamanyola. Kinga inayofaa kwa kilomita za bonde inaweza kumushinda mwenyewe kabisa ku Ngomo. Na ile inayopanda Ngomo vizuri inaweza kuwa na sehemu nyingi ambazo mutu wa bonde hazihitaji, na ambazo zitamukula feza bure.

Hiyo njo sababu swali la kwanza si "kinga gani iko nzuri?" Swali la kwanza ni: unabeba nini, na unapita wapi?

Meno yanafanya nini?

Kila kinga iko na duara la meno mbele, pale pedali zinafungwa. Mafundi wengi wanaliita plato. Nyuma, ku gurudumu, kuna duara dogo: pinyo. Shene inaunganisha hayo mawili. Ukizungusha pedali mara moja, plato inavuta shene kwa idadi ya meno yake, na pinyo inazunguka kulingana na meno yake.

Mfano: plato ya meno 44 na pinyo ya meno 22. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili, juu 44 kugawanya kwa 22 ni 2. Gurudumu la pine 28 likizunguka mara moja linatembea karibu mita 2 na sentimita 20. Basi kila muzunguko wa pedali unakusogeza karibu mita 4 na sentimita 40.

Sasa weka pinyo ya meno 18 pahali pa ile ya 22. 44 kugawanya kwa 18 ni karibu 2,45. Kila muzunguko wa pedali unakupeleka karibu mita 5 na sentimita 40. Unaenda mbali zaidi kwa kila muzunguko, lakini muguu unasukuma kwa nguvu zaidi. Hakuna kitu cha bure hapo: unachopata ku mwendo unakitoa ku muguu, na unachopunguza ku muguu unakitoa ku mwendo.

Kinga nyingi nyeusi zinazouzwa sokoni ziko na meno 44 mpaka 48 mbele, na 18 mpaka 20 nyuma. Kwa mutu anayeenda kazini ama kanisani peke yake, hiyo ni sawa.

Kuhesabu meno si lazima. Geuza kinga juu chini, piga alama ya makala ku pine, kisha zungusha pedali mara moja pole pole na uhesabu gurudumu linazunguka mara ngapi. Ama kinga ikiwa chini, isukume mbele mpaka pedali imalize muzunguko mumoja, na upime umbali kwa mita ya fundi wa nguo. Umbali huo wa muzunguko mumoja njo jina la kweli la kinga yako. Mutu mwenye kujua kama kinga yake ni ya mita 5,4 ama ya mita 4,4 anajua tayari mambo mengi kuliko yule anayejua rangi na marki peke yake.

Hesabu ya mulima

Tuchukue mubebaji wa kilo 60, kinga ya kilo 20, na gunia mbili za kilo 50. Jumla ni kilo 180. Wanapanda mulima unaoinuka mita 5 kwa kila mita 100 za njia. Huo si mulima mukali. Ku barabara za Kivu kuna mikali kuliko huo.

Uzito wa mulima peke yake unavuta kinga nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 9. Udongo, mawe na pine zinaongeza karibu kilo 3 na nusu. Jumla ni karibu kilo 12 na nusu. Hiyo inaonekana kidogo. Lakini muguu hausukume gurudumu moja kwa moja: muguu unasukuma pedali, na pedali inatembea karibu mita 1 na sentimita 7 tu kwa muzunguko muzima, wakati kinga inatembea mita 5,4. Umbali wa kinga ni mara tano ya umbali wa muguu, basi nguvu ya muguu inapaswa kuwa mara tano ya ile ya njia.

Hesabu inatoa hivi, kwa wastani wa muzunguko muzima:

– Kinga ya 44 mbele na 18 nyuma: karibu kilo 64 ku pedali.
– Kinga ya 44 mbele na 22 nyuma: karibu kilo 52.
– Kinga ya vitesi, pine 26, meno 28 mbele na 28 nyuma: karibu kilo 24.

Ya kwanza ni zaidi ya uzito wote wa mubebaji mwenyewe. Hata akisimama juu ya pedali na mwili wake wote, kinga haiendi. Anashuka na kusukuma, na si juu ya uvivu. Ya pili anaweza kuijaribu kwa mita chache, akiinuka ku kiti na kuvuta usukani, kisha anachoka. Ya tatu, mutu mwenye afya anaweza kuiendesha kwa kitambo, pole pole.

Hii ni sawa na gunia la mihogo linaloshinda bega. Ukiligawanya mara tatu, kazi yote inabaki ile ile na safari zinaongezeka, lakini mugongo unapona. Kwa kilomita moja ya mulima, kinga ya 44 na 18 inaomba mizunguko karibu 185 ya pedali. Ile ya 28 na 28 inaomba karibu 490. Kazi ni moja. Tofauti ni ginsi muguu unaipokea: kwa vipande vikubwa vichache ama kwa vipande vidogo vingi.

Hesabu ya bonde

Wengine watasema: mimi sipandi Ngomo, niko paka ku bonde, basi 18 inanitosha. Tuangalie na hiyo.

Muguu wa binadamu unafanya kazi vizuri ukizunguka kati ya mara 50 na 80 kwa dakika. Kujua yako ni rahisi: hesabu mizunguko ya muguu mumoja kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Chini ya 40, kila kusukuma ni kama kupanda ngazi ndefu, na magoti njo yanabeba. Magoti hayalalamiki siku ya kwanza. Yanalalamika kisha miaka.

Kinga ya mita 5,4 ikizungushwa mara 60 kwa dakika inaenda karibu kilomita 19 na nusu kwa saa. Lakini nani anaenda hivyo na kilo 100 ku njia yenye mashimo? Mwendo wa kweli wa muzigo ni karibu kilomita 10 mpaka 12 kwa saa. Kwa mwendo huo, miguu ya mwenye kinga ya mita 5,4 inazunguka mara 31 mpaka 37 tu. Anasukuma kwa nguvu na polepole siku nzima, hata ku tambarare.

Mwenye pinyo ya 22, kwa mwendo ule ule wa kilomita 12, anazungusha mara 45. Iko afazali. Na kila kilima kidogo, kila sehemu ya mchanga, kila mara anapoanza tena kisha kusimama, anatumia nguvu pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa siku moja ni kitu kidogo. Kwa mwaka muzima, si kidogo tena.

Njia ya kwanza: kubadilisha pinyo ya nyuma

Kwa kinga nyeusi, hii njo dawa ya feza kidogo kuliko zote. Pinyo za peke yake zinatengenezwa kwa meno 16, 18, 20 na 22. Fundi akifungua ile ya 18 na kufunga ile ya 22, kinga inabaki ile ile: hakuna kamba mupya, hakuna kitu cha kuharibika zaidi, na vipuri vinabaki vile ambavyo kila kijiji kinavijua.

Kuna faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Ku mulima ule ule na muzigo ule ule, nguvu inayovuta shene inategemea ukubwa wa pinyo ya nyuma, haitegemei plato ya mbele. Pinyo ikiwa ndogo, shene inavutwa zaidi. Pinyo ikiwa kubwa, shene inapumua. Basi ukipunguza plato ya mbele, unapumzisha muguu peke yake. Ukiongeza pinyo ya nyuma, unapumzisha muguu pamoja na shene. Yule anayekata shene kila mara ku kilima, mbele ya kulaumu shene ya sokoni, aangalie kwanza meno ya nyuma.

Mambo ya kuchunga wakati wa kubadilisha:

– Pinyo inafungwa kwa kuzungushwa ku katikati ya gurudumu, na kila kusukuma pedali kunaikaza zaidi. Iko na ufunguo wake wa kuifungulia. Fundi anayeipiga kwa nyundo na tindo anaweza kuharibu pinyo ambayo ingeuzwa tena, na kuharibu gurudumu pia.
– Kabla ya kufunga ile mupya, mafuta mazito yapakwe ku nyuzi za chuma. Bila hivyo, siku ya kuifungua tena itakuwa vita.
– Meno 4 zaidi yanaomba shene ndefu kidogo. Mara ingine inatosha kusogeza gurudumu mbele. Kama haitoshi, fundi anaongeza pingili mbili.
– Shene ya zamani haipatani na pinyo mupya. Shene iliyorefuka inapanda juu ya meno na kuyakula mbio. Kupima ni rahisi: chukua mita ya fundi wa nguo na upime kutoka katikati ya pini moja, uhesabu nafasi 24. Shene mupya inatoa sentimita 30 na nusu. Ikifika 30,8, imeisha, hata kama bado inang'aa.

Kasoro ya pinyo ya 22 ni moja: ukirudi bila muzigo ku njia nzuri, miguu inazunguka mbio na kinga haikimbii kama zamani. Kwa kijana anayependa mashindano hiyo ni huzuni. Kwa mubebaji ambaye analipwa juu ya muzigo, si hasara kubwa.

Njia ya pili: kinga ya vitesi

Kinga za milima, zile watu wanaita vetete, ziko na plato tatu mbele na pinyo sita ama saba nyuma. Kwa kawaida plato ndogo iko na meno 24 ama 28, na pinyo kubwa iko na meno 28. Ukiweka 28 na 28, muzunguko wa pedali unakupeleka karibu mita 2 tu. Hiyo ni chini ya nusu ya kinga nyeusi. Ukiwa ku tambarare bila muzigo, unahamisha shene ku plato kubwa na pinyo ndogo, na unafika mita 6 kwa muzunguko.

Kwa mutu wa safari ndefu, anayepita bonde na milima ku njia moja, vitesi ni jibu la kweli. Lakini idadi haidanganye mutu. Muuzaji anasema "vitesi 21", mununuzi anafurahi. Vitesi 21 ni 3 mara 7 tu, na nyingi kati yake zinafanana. Kitu cha kuangalia ni kimoja: plato ndogo kuliko zote na pinyo kubwa kuliko zote. Plato ndogo ikiwa sawa na pinyo kubwa ama chini yake, kinga inaweza kupanda na muzigo. Plato ndogo ikiwa na meno 38 na pinyo kubwa meno 24, hata kama ku karatasi kuna vitesi vingi, mulimani itamusumbua mwenyewe.

Kisha kuna bei yake ingine, ile isiyoandikwa ku kinga:

– Shene ya vitesi ni nyembamba. Vumbi na matope vinaikula haraka, na inaomba kupanguswa na kutiwa mafuta mara nyingi.
– Pinyo sita ama saba zinachukua nafasi ku upande mumoja wa gurudumu. Chuma cha katikati kinabaki bila tegemeo karibu na pinyo, na chini ya muzigo muzito kinapindika ama kukatika. Rayo za upande huo pia njo zinakatika za kwanza.
– Kifaa kinachohamisha shene nyuma kinaning'inia chini, karibu na mawe. Kinga ikianguka upande wa kuume, kinapinda kuelekea ndani. Siku ingine mwenyewe anahamisha shene ku pinyo kubwa, na kifaa kinaingia mu rayo. Hapo gurudumu linavunjika na safari inaisha. Baada ya kila kuanguka, lazima kuangalia kwanza kama kifaa kimebaki wima.
– Kubadilisha vitesi kunafanyika mbele ya kilima, wakati miguu bado inazunguka kirahisi. Yule anayengoja mpaka amekwama, kisha anavuta kamba huku akisukuma kwa nguvu zote, anakata shene ama anavunja meno.
– Plato kubwa haipatani na pinyo kubwa, na plato ndogo haipatani na pinyo ndogo: shene inapita upande na inaisha haraka.

Vetete ambayo kifaa chake kimeharibika haiko ya kutupa. Fundi anaweza kukata shene fupi na kuiacha ku meno mamoja tu. Achague plato ya katikati na pinyo iliyo mu mustari mumoja nayo, ili shene isipite upande, na gurudumu lisogezwe nyuma mpaka shene ikaze. Meno 38 mbele na 24 nyuma, kwa pine za 26, yanatoa karibu mita 3 na sentimita 25 kwa muzunguko. Kwa kilo 100 ku njia mbaya, hiyo ni afazali kuliko kinga nyeusi iliyotoka dukani.

Wengine walifanya ginsi gani?

Mashaka haya si ya Ruzizi peke yake. Mu Ufaransa, mashindano makubwa ya Tour de France yalianza mwaka wa 1903. Mwanzilishi wake, Henri Desgrange, hakupenda vifaa vya kuhamisha shene. Aliona mwanaume ashinde kwa nguvu ya miguu yake. Wakimbiaji walikuwa na pinyo mbili tu za nyuma, moja kila upande wa gurudumu. Wakifika chini ya mulima, walishuka, walifungua gurudumu, waliligeuza, walifunga tena, kisha walipanda. Ni mwaka wa 1937 tu vifaa vya kuhamisha shene viliruhusiwa mu mashindano hayo. Basi hata wale wanaume wenye nguvu kuliko wote hawakupanda Alpes na meno ya tambarare. Walipoteza dakika chini ya mulima juu walijua wangepoteza masaa juu yake.

Karibu zaidi, ngambo ya Ruzizi mu Burundi, wabebaji wa ndizi wanashuka kutoka milimani mpaka Bujumbura na mizigo mikubwa. Kwa kurudi juu, wengi wanashika nyuma ya lori na kuvutwa. Wanafanya hivyo juu kinga zao haziwezi mulima huo, na masaa hayatoshi ya kusukuma. Ni namna ya kupata vitesi kwa mashini ya mwingine, na bei yake ni hatari ya kifo: lori likifunga feri ghafla ama likitupa jiwe, hakuna pa kukimbilia.

Na kuna wale wanaotafuta njia ya katikati. Kinga za mizigo za aina ya Buffalo, zinazounganishwa mu nchi kama Zambia, Malawi na Kenya, zimepata muundo wenye shene mbili na vitesi viwili. Haina kamba wala kifaa cha kuning'inia: mwendeshaji anarudisha pedali nyuma kidogo, na kinga inahama kutoka meno ya tambarare kwenda meno ya mulima. Wazo lake linastahili kukumbukwa hata kwa yule asiyeweza kuinunua: mubebaji hahitaji vitesi 21. Anahitaji viwili vilivyo mbali kimoja na kingine, na vyenye nguvu.

Pahali ambapo meno hayasaidii

Meno hayatoi nguvu. Yanagawanya tu nguvu iliyopo. Hiyo iko na mwisho wake.

Turudi ku kinga ya 28 na 28. Mulima ukiwa wa mita 5 kwa 100, na mubebaji akizungusha pedali mara 40 kwa dakika, anaenda karibu kilomita 5 kwa saa. Huo ni mwendo wa mutu anayetembea kwa miguu. Chini ya hapo, kinga yenye muzigo inaanza kuyumba, na kushika usukani kunachosha kuliko kusukuma. Kwa hiyo, hata na meno mazuri kuliko yote, ku sehemu kali za mulima na kilo 100 nyuma, kushuka na kusukuma njo akili. Si aibu. Meno mazuri hayafuti kusukuma; yanapunguza tu pahali pa kusukuma, na yanamufikisha mubebaji chini ya sehemu kali akiwa bado na miguu.

Meno pia hayasaidii wakati wa kushuka. Moto uko na injini ya kuizuia, kinga haina. Ukiacha kuzungusha, pinyo inajiachia, na kilo 180 zinashuka kwa uzito wake. Feri za vyuma za kinga nyeusi zinashika vibaya, na gurudumu likilowana zinashika vibaya zaidi. Mutu akiwa na feza ya kitu kimoja tu, na kila siku anashuka mulima, abadilishe raba za feri kabla ya pinyo. Kupanda vibaya kunachosha. Kushuka vibaya kunaua.

Na meno hayatengenezi kinga isiyotunzwa. Pine isiyo na upepo wa kutosha, shene kavu, ama gurudumu linalogusa feri, vinaweza kula faida yote ya pinyo mupya. Mambo hayo matatu hayana bei kubwa. Yanaomba dakika kumi asubuhi.

Ginsi ya kuchagua

Mutu anayetaka kununua kinga, ama kurekebisha ile aliyo nayo, anaweza kufuata maswali haya kwa utaratibu.

Kwanza, sehemu gani ya njia yako ya kila juma njo ngumu kuliko zote? Usihesabu ile ya Pasaka ama ya mara moja kwa mwaka. Hesabu ile unayopita kila mara.

Pili, unafika pale na kilo ngapi? Kuna wanaopanda na muzigo na kushuka bure. Kuna wanaoshuka na makala na kupanda bure. Hao wa pili hawahitaji meno mepesi sana, wanahitaji feri.

Tatu, muzunguko mumoja wa pedali yako unatembea mita ngapi leo? Pima kama ilivyoelezwa. Kisha linganisha:

– Bonde, mwenyewe peke yake ama na muzigo mudogo: mita 5 mpaka 5,4. Meno 44 na 18 yanatosha.
– Bonde, abiria mumoja ama karibu kilo 50: mita 4,8. Meno 44 na 20.
– Bonde na vilima vidogo, kilo 100 na zaidi: mita 4,4 ama chini. Meno 44 na 22.
– Milima ya kila juma na muzigo: mita 2 kwa kupanda, na meno mengine ya tambarare. Hapo vitesi vinastahili bei yake, lakini gurudumu la nyuma liimarishwe kwanza.

Nne, ukiharibikiwa kijijini, fundi wa pale ataweza? Kinga ya bei kali inayolala siku tatu ikingoja kipuri kutoka Bujumbura ama Bukavu haibebi kitu. Tomati zinaoza, mwenye muzigo anakasirika, na mara ingine anamupatia kazi mwingine.

Kwa wabebaji wengi wa bonde, jibu la maswali haya manne litakuwa dogo kuliko walivyofikiri: pinyo moja ya meno 22, shene mupya inayopatana nayo, na raba nzuri za feri. Haitapendeza macho ku soko. Lakini mwisho wa siku, akifika Sange ama Luvungi na magunia yake mawili, mubebaji atajua kwa magoti yake kama hesabu ilikuwa ya kweli.